Barua ya wazi: Mguu upimwe kabla ya dawa ya mzunguko wa damu kutolewa

Kwa:
Waziri wa Afya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania
Mganga Mkuu wa Serikali
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)
Mkurugenzi Mkuu, Bohari ya Dawa (MSD)
Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF)
Msajili, Baraza la Famasi

YAH: UTARATIBU WA KUTOA SILOSTAZOLI NA DAWA NYINGINE ZA MZUNGUKO WA DAMU MIGUUNI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi ni wafamasia, wauguzi na matabibu wa kliniki za kisukari na presha. Tunaomba jambo moja, na mengine yote katika barua hii yanatokana nalo: mgonjwa asipewe silostazoli, kidonge cha maumivu ya mguu wakati wa kutembea, kabla mguu wake haujapimwa kwa namba na kabla hajaulizwa kuhusu moyo wake. Vipimo vyote viwili ni vya gharama ndogo. Dawa yenyewe hununuliwa mwezi baada ya mwezi, na ikimwangukia mtu asiyestahili inaweza kumuua.

Silostazoli, ambayo kwenye boksi huandikwa cilostazol, ilianza kutumika Japani mwaka 1988 na ikaidhinishwa Marekani mwaka 1999. Hulegeza ukuta wa ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) ili upanuke kidogo, na huzuia chembe za kugandisha damu zisishikane. Haifungui ateri iliyoziba. Mafuta na chokaa vilivyojijenga ukutani kwa miaka vinabaki palepale. Anachopata mgonjwa aliyechaguliwa vizuri ni kutembea mbali kidogo zaidi kabla ya shavu la mguu kuanza kuuma: majaribio yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha ongezeko la wastani wa mita 25 hadi 40 hivi. Kwa mzee ambaye sasa anaweza kufika msikitini au sokoni bila kusimama njiani, mita hizo ni nyingi, na hatuzidharau. Ila mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa hii "inazibua mishipa" anadanganywa. Huacha aspirini, huacha kufuatilia sukari, na hungoja kidonda cha kidole kipone kwa kidonge ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya kidonda.

Tatizo linaanzia kwenye maneno. "Mzunguko wa damu" ni jina ambalo mgonjwa hutumia kwa karibu kila kinachomsumbua kuanzia goti kushuka chini, na mtoa dawa akilipokea jina hilo bila kuuliza zaidi, kidonge kile kile kitatolewa kwa magonjwa matano yasiyofanana.

Anayesema nyayo zake zote mbili zinawaka moto, zimekufa ganzi, au anahisi kama anakanyaga pamba, na usiku hali ndiyo huzidi, mara nyingi ana neva zilizoharibiwa na kisukari. Silostazoli haigusi neva. Kama amekunywa metformini ya kisukari kwa miaka mingi, afikiriwe upungufu wa vitamini B12. Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu, aulizwe kama anapata piridoksini (vitamini B6), kwa sababu isoniazidi bila hiyo huleta ganzi ya namna hiyo hiyo. Anayeonyesha mishipa iliyojisokota na kutuna chini ya ngozi ana tatizo la veni (mishipa inayorudisha damu moyoni), si ateri, na soksi za kubana ndizo za kufikiriwa, mradi imehakikishwa kwamba ateri zake ni nzima. Aliyevimba mguu mmoja ghafla, una joto na unauma, huenda ana damu iliyoganda ndani ya veni kubwa, na huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyevimba miguu yote miwili, ukibonyeza kwa kidole pakabaki shimo, ndiye anayetutia hofu kuliko wote. Uvimbe huo unaweza kutoka kwenye moyo, figo au ini. Unaweza pia kuletwa na amlodipini ya presha, na hapo dawa ni kupunguza au kubadilisha amlodipini. Lakini kama ni moyo ulioshindwa kusukuma damu, silostazoli ni mwiko. Si "itumike kwa uangalifu": ni mwiko, moyo uwe umeshindwa kidogo au sana. Onyo hilo liko ndani ya kisanduku cheusi juu kabisa ya maelezo ya dawa yaliyoidhinishwa Marekani.

Sababu yake ieleweke, maana anayeielewa hataisahau akiwa dirishani. Silostazoli huzuia kimeng'enya kiitwacho fosfodiesterasi ya 3. Kimeng'enya hicho kimo kwenye ukuta wa ateri, na kimo pia kwenye msuli wa moyo. Kikizuiwa moyoni, mapigo huenda mbio na msuli hulazimishwa kufanya kazi zaidi ya uwezo wake. Kwa kipimo cha kawaida cha silostazoli mapigo huongezeka kwa 5 hadi 7 kwa dakika. Milrinoni, dawa ya ukoo huo huo, ilijaribiwa kwa njia ya vidonge kwa wagonjwa wa moyo ulioshindwa vibaya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991: waliopewa milrinoni walikufa zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, kwa asilimia 28. Ndiyo sababu dawa za ukoo huo huogopwa kwa matumizi ya muda mrefu kwa moyo uliochoka.

Mtoa dawa hahitaji mashine ya kupiga picha ya moyo ili kushuku. Anahitaji maswali manne na jicho moja kwenye daftari la kliniki. Je, unalala kwa mito mingapi? Je, huamka usiku ukihema, ukalazimika kuketi? Je, pumzi hukukatika ukipanda ngazi au ukibeba ndoo ya maji? Je, viatu vinakubana jioni kuliko asubuhi? Kwenye daftari aangalie kama kuna frusemaidi, spironolaktoni au kavedilo, dawa ambazo hutolewa kwa moyo ulioshindwa. "Ndiyo" moja kati ya hayo, au dawa moja kati ya hizo, yatosha kusimamisha silostazoli hadi daktari amsikilize moyo. Tunasisitiza hili kwa sababu hata mgonjwa wa moyo hujieleza kwa maneno yale yale, kwamba miguu imejaa na damu haizunguki.

Zipo hali nyingine zinazoizuia. Asipewe aliyepata shambulio la moyo ndani ya miezi 6 iliyopita, mwenye mapigo yanayokwenda mbio ovyo, mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja damu, aliyepata kiharusi cha kuvuja damu ndani ya miezi 6, mjamzito, wala ambaye figo zake zimebaki na uwezo wa kuchuja mililita 25 kwa dakika au chini ya hapo. Mwaka 2013 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilibana zaidi: dawa ianzwe pale tu ambapo kutembea na kuacha sigara havikutosha, mgonjwa akaguliwe tena baada ya miezi 3, na asipewe anayekunywa aspirini na klopidogreli (nayo huzuia damu kuganda) kwa pamoja. Mojawapo kati ya hizo mbili inaruhusiwa, zote mbili hapana.

Kuhusu kugongana na dawa nyingine, hali ya hapa kwetu ina ugumu wake. Silostazoli huvunjwa na ini kwa njia mbili, na dawa zinazoziba njia hizo zimejaa kwenye rafu zetu. Omeprazoli hununuliwa kwa ajili ya kiungulia bila mtu kufikiria. Flukonazoli hutolewa kwa fangasi, eritromaisini kwa kifua, diltiazemu kwa presha. Yoyote kati ya hizo ikikutana na silostazoli, kiwango cha silostazoli kwenye damu hupanda, na kipimo kinapaswa kushushwa kutoka miligramu 100 hadi 50, mara mbili kwa siku. Vivyo hivyo kwa wateja wa CTC (kliniki za tiba na matunzo ya VVU) walio kwenye mstari wa pili wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wenye ritonaviri. Kliniki ya kisukari na CTC zikiwa na madaftari mawili tofauti, hakuna anayeona picha nzima. Tunaomba kliniki hizo mbili zilazimike kuandika dawa zote za mgonjwa kwenye ukurasa mmoja. Kitunguu saumu cha vidonge na ginkgo zinazouzwa mitandaoni kama "dawa za kusafisha mishipa" nazo ziandikwe hapo, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayekunywa silostazoli na aspirini.

Jinsi ya kunywa ni sehemu inayokosewa zaidi kuliko zote, na ndiyo iliyo rahisi kurekebisha. Kipimo ni miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni, nusu saa kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Akinywa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kilele cha dawa kwenye damu hupanda kwa karibu asilimia 90. Hapo ndipo kichwa kinapogonga na moyo kudunda, na mgonjwa huitupa dawa ndani ya wiki ya kwanza akiamini kwamba imemkataa. Kumbe ameinywa juu ya supu na chapati. Kichwa kuuma, kuharisha na moyo kudunda ndiyo malalamiko ya kawaida. Kwa wengi hupungua kipimo kikianza na miligramu 50 kwa wiki moja au mbili. Nafuu ya kutembea huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4, na wengine hungoja hadi wiki 12. Kwa hiyo vidonge 60 ni vya mwezi mmoja, na 180 ni vya jaribio zima. Kama baada ya vidonge 180 mgonjwa hatembei mbali zaidi ya alivyoanza, dawa isimamishwe bila kuona haya. Anayekwenda kupasuliwa aiache siku 5 kabla.

Pentoksifilini, dawa nyingine inayotolewa kwa miguu, haituchukulii muda mrefu. Ni dawa ya zamani zaidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1984, miligramu 400 mara tatu kwa siku pamoja na chakula, kidonge kimezwe kizima kwa sababu kimetengenezwa kuachia dawa polepole. Hulainisha chembe nyekundu za damu ili zipite kwenye mirija myembamba. Wazo lilikuwa zuri, lakini mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa mwaka 2016 uliandika wazi kwamba haisaidii maumivu ya kutembea. Uingereza, mwaka 2011, taasisi inayoshauri huduma yao ya afya ilipitisha dawa ya tatu, naftidrofurili, peke yake kwa maumivu hayo, ikaziacha silostazoli na pentoksifilini. Kwetu sisi, fedha ya umma isitumike kununua pentoksifilini kwa ajili ya miguu. Aliye nayo tayari mkononi aonywe kwamba huongeza nguvu ya wafarini (ya kuzuia damu kuganda) na teofilini (ya pumu), na kwamba antibiotiki ya siprofloksasini hupandisha kiwango cha pentoksifilini kwenye damu.

Sasa kipimo, ambacho ndicho kiini cha ombi letu. Kinaitwa uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na mkono. Kinahitaji mashine ya presha ya kawaida ya kupuliza kwa mkono, dopla ndogo ya mkononi (kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu) yenye kichwa cha megahezi 8, jeli yake, na muuguzi aliyefundishwa. Mgonjwa alale chali dakika 10, miguu ikiwa usawa na moyo. Presha ipimwe mikono yote miwili kwa dopla, na ile kubwa ichukuliwe. Kisha kitambaa cha presha kifungwe juu kidogo ya kifundo cha mguu. Tafuta mlio wa ateri iliyo nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo, kichwa cha dopla kikiinamishwa nyuzi 45 hadi 60. Puliza hadi mlio upotee, ongeza 20 juu yake, achia taratibu, andika namba ambayo mlio unarudi. Rudia kwa ateri ya juu ya wayo, katikati ya kidole gumba na kifundo. Namba kubwa ya mguu igawanywe kwa namba kubwa ya mkono.

Tuseme mkono ni 140 na mguu wa kulia ni 84. Jibu ni 0.60. Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni kawaida, 0.91 hadi 0.99 ni mpakani, 0.90 kushuka ateri zimebanwa, na chini ya 0.40 mguu uko hatarini na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa mishipa, si famasi. Jibu likizidi 1.40, kwa mfano mguu 230 na mkono 150 ambayo ni 1.53, watu hufurahi wakidhani damu inapita kwa nguvu. Hapana. Ateri imekuwa ngumu kwa chokaa hadi kitambaa kinashindwa kuibana, na kwa mwenye kisukari cha miaka mingi hilo ni jambo la kawaida. Huyo apimwe presha ya kidole gumba cha mguu. Uwiano wa kidole ukiwa 0.70 au chini ni ugonjwa.

Makosa ya kipimo hiki yanajulikana, na mafunzo ya siku moja yangeyaondoa. Mgonjwa aliyepimwa akiwa ameketi huonyesha presha kubwa ya mguu kuliko ilivyo, kwa sababu uzito wa damu yenyewe huongezeka juu yake. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba ya mkono na kumfanya mtu mwenye ateri nzima aonekane mgonjwa; mfuko wa hewa uwe na upana wa asilimia 40 ya mzingo wa mkono. Dopla ikikandamizwa sana huibana ateri na mlio hupotea mapema. Mashine ya betri inayosoma yenyewe hupotea njia kwenye mguu wenye ateri mbovu, hasa pale tunapoihitaji zaidi. Jeli ikiisha, isibadilishwe kwa mafuta ya mgando: yanaharibu kichwa cha dopla na hayapitishi mlio vizuri. Kidonda kifunikwe kwa plastiki safi kabla ya kufunga kitambaa, na mguu unaoshukiwa kuganda damu kwenye veni usibanwe kabisa.

Pale ambapo dopla haipo, vidole vya muuguzi vipo. Ateri mbili zishikwe kwa kila mguu. Ile ya juu ya wayo haipapasiki hata kwa baadhi ya watu wenye afya, kwa hiyo uzito mkubwa upewe ile ya nyuma ya kifundo. Kisha miguu inyanyuliwe nyuzi 45 kwa dakika moja au mbili, halafu ining'inizwe kando ya kitanda. Mguu wenye ateri mbovu hupauka ukiwa juu na hurudi na wekundu mzito ukishushwa. Kwa ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani juu ya mguu. Itazamwe kwenye wayo na chini ya kucha. Vitabu vingi vilivyoandikwa ughaibuni havisemi hivyo, na wanafunzi wetu huhitimu wakiangalia mahali pasipo na jibu.

Mgonjwa akishapimwa na kukutwa na 0.90 kushuka, silostazoli bado si ya kwanza kwenye foleni. Ya kwanza ni aspirini ya miligramu 75 hadi 100 au klopidogreli ya miligramu 75, kila siku. Ya pili ni atovastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, miligramu 40 hadi 80. Hizo hazimwongezei mita za kutembea kesho asubuhi, lakini ndizo zinazomkinga na shambulio la moyo na kiharusi, ambavyo ndivyo vinavyowaua wagonjwa hawa zaidi kuliko mguu wenyewe. Presha na sukari zidhibitiwe. Sigara iachwe kabisa: hakuna kidonge kinachoweza kushindana na sigara kwenye ateri za mguu. Sanduku la dawa lenye silostazoli na lisilo na atovastatini ni sanduku lililopangwa kinyume.

Halafu kutembea. Kutembea kwa mpango ni tiba yenye ushahidi mzito kuliko silostazoli, na tunaomba iandikwe kwenye cheti kama dawa inavyoandikwa: dakika 30 hadi 45, angalau siku 3 kwa wiki, kwa wiki 12 zisizopungua. Atembee mpaka maumivu yawe ya wastani, asimame mpaka yaishe, aanze tena. Dakika za kusimama zisihesabiwe. Mwenye ganzi au kidonda cha wayo asipewe mpango huu kabla ya kidonda kupona na kupata viatu vinavyomfaa, kwa sababu atatembea juu ya jeraha asilolihisi. Korido ya hospitali iliyopimwa mita 30 na kuwekewa alama ya rangi ukutani yatosha kumpima mwanzoni na mwishoni mwa miezi 3.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hata aspirini isimcheleweshe. Mguu umeuma ghafla, umekuwa baridi, umepauka, hauna mapigo, unaingia ganzi na vidole vinashindwa kujikunja. Ateri imezibwa na bonge la damu, na saa 6 ndizo za kuokoa msuli. Akifika zahanati au duka la dawa muhimu na kuomba dawa ya mzunguko wa damu, jibu liwe gari. Hospitali yenye heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, impe uniti 5,000 kwenye mshipa, kama havuji damu, akiwa anasubiri kusafirishwa. Mguu usikandwe kwa maji ya moto.

Maombi yetu kwa kila ofisi ni haya.

Wizara iweke kipimo cha uwiano wa kifundo na mkono ndani ya mwongozo wa kliniki za kisukari na presha kuanzia ngazi ya hospitali ya wilaya: kwa kila mwenye kisukari aliyefikisha miaka 50, kila mvutaji sigara wa umri huo, na kila mwenye kidonda cha mguu bila kujali umri. Wauguzi wawili kwa kila hospitali wafundishwe, si mmoja, maana mmoja akihamishwa dopla hubaki kabatini.

Bohari ya Dawa iagize dopla pamoja na jeli, betri za akiba na kitambaa cha presha cha ukubwa wa aina mbili, viwe kifurushi kimoja chenye namba moja ya oda. Mashine inayofika bila jeli haijafika. Aspirini ndogo na atovastatini zihesabiwe kwenye kundi la dawa ambazo kuisha kwake hutolewa taarifa.

Mfuko wa Bima ulipie kipimo hiki, na fomu ya silostazoli isipitishwe bila namba ya uwiano, tarehe ya kipimo na neno "moyo umekaguliwa" lenye sahihi. Idhini ya kwanza iwe ya miezi 3. Inayofuata itolewe kwa mita za kutembea zilizoandikwa kabla na baada. Tunaamini fedha itakayookolewa kwa kuwaondoa wasioihitaji itatosha kuwalipia wanaoihitaji, na sasa ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta wanachama wapya, utaratibu huu uwepo kabla yao.

Baraza la Famasi liandike waraka mfupi wa Kiswahili kwamba silostazoli haitolewi bila cheti, na kwamba mwenye duka la dawa muhimu anayeulizwa kuhusu ganzi au uvimbe wa miguu ampeleke mgonjwa kituo cha afya badala ya kumtafutia kidonge. Maswali manne ya moyo tuliyoyataja yachapishwe kwenye kadi ya kubandika dirishani.

TMDA itake kila boksi la silostazoli linaloingia nchini libandikwe maelezo ya Kiswahili, na ikumbushe vituo kwamba moyo kudunda, kuvuja damu au kuvimba kwa mgonjwa aliyeanza dawa hii huandikwa kwenye fomu ya taarifa za madhara ya dawa hata kama mtoa huduma hana hakika. Maneno ya kubandika tunayapendekeza hivi, na tumeyapima ili yatoshe upande mmoja wa boksi:

"USINYWE dawa hii kama una ugonjwa wa moyo, unaishiwa pumzi ukilala, au miguu yote miwili imevimba. Kunywa nusu saa kabla ya kula au saa 2 baada ya kula, asubuhi na jioni. Mwambie mfamasia kama unatumia omeprazoli, dawa ya fangasi, eritromaisini, diltiazemu au dawa za kufubaza VVU. Ukisikia moyo unakwenda mbio, ukaona damu kwenye choo, au pumzi ikakata: acha dawa, nenda hospitali leo. Rudi kwa daktari baada ya miezi 3. Dawa hii haiponyi kidonda."

Wenu katika kuwahudumia wagonjwa,

Wafamasia, wauguzi na matabibu wa kliniki za kisukari na presha